Meli Iliyozama kwa Dakika 14
Kila ninaposoma habari za Titanic, mawazo yangu hunielekeza kwa Empress of Ireland, meli ambayo naona imesahaulika pasipo haki. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Mei 1914, katika ukungu mzito wa mto Saint Lawrence nchini Kanada, meli ya Norway iliyobeba makaa ya mawe, Storstad, iliitoboa ubavu wa kulia, na maji yakaingia pia kupitia madirisha ya duara yaliyokuwa yameachwa wazi. Mashua za kuokolea watu zilikuwepo za kutosha (somo la Titanic hilo), lakini meli ililala upande upesi mno hata nyingi hazikuweza kushushwa. Walikufa watu zaidi ya 1,000, wengi wakiwa wamenaswa vyumbani.