Kifurushi cha Mlenda

Treni ya umeme ilikuwa haijafika Kilosa niliposikia harufu ile. Mama wa kiti cha mbele alifungua begi akitafuta chaja, na harufu ya mlenda mkavu ikajaa pale tulipokaa. Baada ya hapo sikuiona tena njia. Nilikuwa soko la Majengo, Dodoma, kidato cha tano, nimevaa sare, daftari mkononi.

 Muhula ule mwalimu wa Jiografia alikuwa anatufundisha makazi na uhamaji. Ubaoni alituchorea miduara ya Burgess ya jinsi mji unavyojipanga, ile ya Chicago ya mwaka 1925, akatusomea na kanuni za uhamaji za Ravenstein za 1885, zilizotokana na takwimu za sensa ya Uingereza. Tukanakili. Siku iliyofuata akasema ubao umetosha, twende mjini.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kueleza. Kila kundi lichukue bidhaa moja, liulize imetoka wapi, nani kaileta na kwa usafiri gani. Kisha turudi tuchore mistari kwenye ramani ya Tanzania, na unene wa mstari ufuate wingi wa mzigo. Waliopewa nyanya wakapata Ilula. Vitunguu, Ruaha Mbuyuni. Viazi mviringo, Njombe. Mahindi, Kibaigwa. Mistari yao ilifuata lami na malori. Sisi tukapangiwa mlenda.

Aliyekuwa akiuza alikuwa mama wa makamo, na mbele yake magunia ya salfeti yaliyokunjwa midomo, kikombe cha bati kimechomekwa kwenye moja. Tulimwamkia shikamoo. Akaitikia, kisha akatusalimia Kigogo, "Mbukwenyi," akatutazama nani ataitika. Mwenzangu wa Bahi akaitika, na hapo akatusogezea kigoda.

Nilimuuliza mzigo unatoka wapi. Akasema huu wa Mvumi, ule wa Bahi. Nikaandika. Akainama kutazama daftari langu.

"Andika na mwezi, mwanangu. Mvumi peke yake haitoshi."

Akatueleza. Ilende, ndivyo Wagogo wanavyouita mlenda, haipandwi, huota yenyewe mashambani mvua zikishika. Mvua ya Dodoma huanza Desemba na ikifika Aprili imekatika, na kwa mwaka mzima mara nyingi haifiki milimita 600. Katika miezi hiyo michache wanawake huchuma, huanika, hutwanga, huweka. Anayekula ugali wa uwele na mlenda Oktoba anakula mvua ya Februari. Wakubwa wake, alisema, walinusurika njaa kwa kuweka. Sisi tulikuwa tumesoma juu ya Mtunya, njaa kubwa iliyoikumba nchi ya Wagogo kuanzia 1917 hadi 1920, lakini hatukuwahi kukaa mbele ya gunia lililotokana na akili hiyo.

Swali la mwisho kwenye dodoso lilikuwa wateja wake ni akina nani. Hakujibu. Aliingiza mkono chini ya meza akatoa kifurushi: mfuko wa rambo ndani ya mfuko wa rambo, umezungushiwa gundi ya karatasi, na juu yake kwa kalamu nene jina la mwanamke, namba ya simu, na neno UBUNGO. Akaniwekea kiganjani. Kilikuwa chepesi kiasi kwamba nilikifumba kidogo nisikiangushe. Nikampa mwenzangu, naye akampa mwingine, kikazunguka kundi zima, na hakuna aliyesema kitu.

"Huyo kaolewa Dar," akasema. "Mama yake hunipa hela kila mwisho wa mwezi, mimi nafunga. Kijana anakimbiza stendi, kondakta ananijua." Akatoa kingine, Mwanza. Kingine, Tunduma.

Mwenzangu wa Bahi akauliza polepole, "Kumbe wa shangazi yangu Arusha unapitia hapa?" Mama akacheka, akamuuliza shangazi ni nani. Wakaanza kuhesabiana ukoo wakatusahau. Mimi nilibaki na dodoso, nikiifikiria kanuni ya Ravenstein niliyoinakili bila kuielewa: kila mkondo wa wahamaji huzaa mkondo wa kurudi. Huu hapa, nilikuwa nimeushika.

Darasani kukawa na mabishano. Mstari wa kwenda Ubungo tuuchore kwa unene gani? Kwa kilo ungekuwa unywele, usingeonekana kando ya nyanya za Ilula. Wengine walitaka tuhesabu vifurushi, wengine watu. Mwalimu alisikiliza mpaka kengele ikalia, akasema tuuchore kwa penseli kwanza. Ukabaki hivyo. Mitihani ikaja, chuo kikaja, kazi ikaja.

Bado sijui unene wake. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 Dodoma mjini. Ya 2022 ikakuta 765,179. Tangu serikali ianze kuhamia kweli, baada ya tangazo la 2016, kila mtu anazungumzia wanaoingia. Nakubali, ni wengi. Lakini waliotoka wameuacha mji huu na nyuzi nyingi zinazouvuta, na ramani za mipango ninazoziona kazini hazina hata moja. Hilo linaniuma.

Barabara ya mzunguko, kilomita 112.3, lengo lake ni kuwaondolea wakazi malori ya katikati ya mji. Stendi kuu ya mabasi sasa iko Nzuguni. Yote mawili nayaunga mkono. Ila kutoka meza ile ya Majengo hadi Nzuguni kijana hakimbii na kifurushi mkononi. Anapanda bodaboda, na bodaboda ina bei yake. Vikombe vinne vya mlenda vinaweza kuibeba bei hiyo? Au analipa mama anayetuma, au binti wa Ubungo anayepokea, au siku hizi hakuna anayetuma? Mwezi ujao nakwenda Dodoma, nitapita Majengo kuuliza.