Nilivyokipeleka kikoba chetu Sanje

Kikoba chetu, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, kina wanawake 12, wote wa Morogoro mjini, na hakuna aliyekuwa amewahi kulala kwenye hema. Wazo la kwenda kuona maporomoko ya Sanje, kwenye hifadhi ya milima ya Udzungwa, alilileta mwenyekiti, mama wa miaka 61 mwenye goti bovu. "Kila mwaka tunavunja kikoba, hela zinaishia kwenye ada na mabati," alisema. "Mwaka huu na sisi tutembee." Mimi ndiye mweka hazina, mzigo ukaniangukia.

Hisa za watu sikuzigusa. Nilifungua mfuko wa pembeni, shilingi 3,000 kila Jumamosi tunapokutana, miezi sita mfululizo. Malipo ya hifadhi hayafanywi kwa fedha taslimu: unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki. Nikalipa mapema, kwa makusudi. Aliyekuja wiki ya mwisho kusema mume kamkataza alikuta hela yake imeshageuka risiti, na mume akakubali.

Mahema manne tuliazima. Jumapili moja kabla ya safari tukayasimamisha uani kwangu, majirani wakichungulia. Lililokuwa zuri kuliko yote halikuwa na kigingi hata kimoja! Fundi wa kuchomelea akatukatia vipande vya nondo nyembamba na kuvipinda kichwa. Kuni za msituni haziguswi, kwa hiyo tukabeba mitungi miwili ya gesi ya kilo 6, na chapati tukapika nyumbani usiku wa kuamkia safari.

Tuliondoka na kosta alfajiri ya Jumamosi, mwezi Septemba, kabla mvua hazijaanza. Barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Mikumi, tukaona twiga na pundamilia bila kushuka garini. Mikumi mjini tukakunja kushoto kuelekea Kidatu, halafu ni miwa mkono mmoja na milima mkono mwingine hadi Mang'ula. Udzungwa ni hifadhi ya taifa tangu 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na ndani kila kitu unakifuata kwa miguu.

Kambi tuliweka Mang'ula, karibu na lango. Askari alituonya tusiache chakula nje. Tukaitikia "sawa baba", tukaiacha ndoo ya chapati mezani, tukaenda kubishana mlango wa hema uelekee wapi. Nyani dume alikuja taratibu kama mwenye nyumba, akafungua mfuniko, akaondoka na bunda zima. Jioni tukala wali na dagaa.

Usiku ukawa na yake. Kama saa sita tulisikia mtoto akilia juu ya mti. Hema la kwanza wakaanza Ayatul Kursi, hema la tatu wakakemea kwa jina la Yesu, wote kwa pamoja na kwa sauti. Askari akaja na tochi, anajizuia kucheka: "Mama zangu, huyo ni komba. Laleni."

Asubuhi kosta ilituteremsha kijiji cha Sanje, umbali wa kama kilomita 10. Tulikuwa na mwongozaji mmoja na askari mmoja mwenye bunduki, maana msituni kuna tembo na nyati. Nusu saa tu, kikoba kikapasuka: wenye miguu myepesi wako juu wanapiga picha, mwenyekiti yuko chini ameshika mzizi. Nikaomba tusimame, nikamweka yeye mbele nyuma ya mwongozaji, na wenye haraka wote mkiani. Walinung'unika. Lakini mimi nilikuwa napiga hesabu tu: bunduki ni moja, kundi likigawanyika upande mmoja unabaki bila mlinzi.

Mwendo ule wa polepole ndio uliotupa msitu. Tulisikia mlio mzito wa mangabei wa Sanje, aina ya kima asiyepatikana popote duniani isipokuwa milima hii. Mwongozaji akasema wanasayansi walimjua mwaka 1979. Mmoja wetu akauliza, "Kwani kabla ya hapo watu wa Sanje walikuwa viziwi?" Mwongozaji hakuwa na jibu.

Maporomoko yenyewe yanashuka mita 170 kwa hatua tatu. Hapo katikati kuna bwawa la kuogea. Tuliingia na khanga zetu, maji baridi hadi meno yanagongana, na mama mmoja ambaye haongeagi vikaoni alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Ukitazama chini, bonde la Kilombero limelala na miwa yake kama mkeka.

Nilipokosea ni kwenye kushuka. Akili yangu yote ilikuwa kwenye kupanda, nikasahau kwamba goti linaumia zaidi kwenye mteremko. Tulimfunga mwenyekiti khanga kavu gotini, akashuka kiubavuubavu, fimbo mkono mmoja na bega langu mkono mwingine. Safari ambayo wengine huimaliza kwa saa nne ilituchukua karibu saa saba, na dereva wa kosta alikuwa amenuna.

Hesabu nilifunga na salio la shilingi 14,500. Jumamosi iliyofuata mwenyekiti alikaa kikaoni mguu ukiwa juu ya stuli, akapokea taarifa yangu, akagonga meza. Halafu akauliza kilele cha Mwanihana, kule kule Udzungwa, kinapandwa kwa siku ngapi.