Dola saba walizozikataa

Leo mchana nimepita Beacon Street, hapa Boston, nikasimama mbele ya sanamu ya Kikosi cha 54 cha Massachusetts. Shaba tupu: kanali juu ya farasi, askari weusi wanatembea kando yake, kila mmoja na sura yake.

Kwa wasiowajua: ni askari wa miguu, kikosi kiliundwa 1863, Wamarekani wakipigana wenyewe kwa wenyewe. Tarehe 18 Julai wakaivamia ngome ya Wagner, South Carolina. Kanali Robert Gould Shaw akafia pale, akazikwa kaburi moja na vijana wake. William Carney, aliyezaliwa mtumwa, aliiokoa bendera huku amejeruhiwa. Nishani akapewa 1900!

Lakini kilichonikaa rohoni ni mshahara.

Askari mzungu alilipwa dola 13 kwa mwezi. Wao waliambiwa 10, halafu 3 zinakatwa za sare.

Wakakataa zote.

Jimbo la Massachusetts likasema litaongezea kilichopungua. Wakakataa tena! Februari 1864 wakaenda kupigana Olustee, Florida, mifuko mitupu, familia zao zikitaabika nyumbani. Bunge lilikubali walipwe sawa Juni mwaka huo.

Nikazunguka nyuma ya sanamu. Majina ya askari waliokufa Wagner yapo huko, yamechongwa miaka ya 1980. Sanamu yenyewe ni ya 1897. (Ya maofisa, ambao walikuwa wazungu, yalikuwepo tangu mwanzo, bila shaka.)

Nimekasirika, jamani.

Nyie mngekuwa na watoto wanaosubiri, zile dola 7 mngezikataa? Semeni ukweli.