Senti Kumi Yenye Tundu

"Babu, hii washa ya bomba?"

Mjukuu wa dada yangu ameishika baina ya vidole viwili, anachungulia tunduni kama anayetafuta mwezi wa Ramadhani. Nimerudi Kikwajuni, Unguja, wiki ya saba hii, na kila siku mtoto huyu hunifungulia sanduku kutafuta chokoleti. Chokoleti zilikwisha wiki ya kwanza. Alichoibuka nacho leo ni senti kumi yangu ya shaba, duara kubwa, tundu katikati na pembe mbili za ndovu zimelizunguka. Niliondoka nayo 1967. Miaka yote hiyo imelala ndani ya droo Portsmouth, pamoja na ufunguo wa nyumba ambayo siku hizi haipo.

Nikamwambia hiyo ni pesa. Akacheka mpaka akakaa chini. Pesa gani ina tundu?

Basi niwaeleze na nyinyi mliozaliwa na noti za elfu kumi. Hii ni senti ya shilingi ya Afrika Mashariki, iliyokuwa moja kwa Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwetu Unguja na Pemba iliingia 1936 kuchukua nafasi ya rupia. Shilingi senti mia, pauni ya Kiingereza shilingi ishirini. Pauni iliposhushwa thamani Septemba 1949, yetu ikashuka nayo bila ya mtu kutuuliza, dola ikawa shilingi saba na senti kumi na nne. Senti tano na senti kumi zilikuwa na tundu, tukizitunga uzi kama samaki. Na jambo moja wachache hulitambua: Malkia Elizabeth alipokaa kitini sura yake haikupata kupigwa kwenye shilingi nzima. Sura yake iliishia kwenye thumni, yaani senti hamsini, na jina lake kwenye senti zenye tundu; shilingi tulizokuwa nazo mfukoni mpaka mwisho zilikuwa za wafalme waliokwisha kufa, simba upande wa pili.

Haya yote niliyamwaga barazani juzi, baada ya alasiri. Mtu aliyekaa Uingereza miaka mingi huwa na njaa ya kusema. Wazee wenzangu wakawa wanaitikia kama wanaosikia kasida. Kahawa senti tano! Andazi senti tano! Ukiwa na thumni siku ya sikukuu wewe tajiri, unaingia Mnazi Mmoja unapanda bembea mpaka kichwa kinazunguka, na bado unabakisha ya kashata. Kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa akisubiri abiria akauliza, "Sasa mzee, mliharibu wapi?" Tukacheka, lakini kila mmoja wetu alikwenda zake akiamini kwamba zamani kila kitu kilikuwa rahisi.

Nyumbani nikamkuta dada juu ya mbuzi akikuna nazi. Nazi yenyewe niliinunua mimi Darajani asubuhi, elfu moja na mia tano, nikalalamika njia nzima. Nikamrudia ile hadithi ya baraza. Akaendelea kukuna, khrr, khrr, mpaka kifuu kikawa cheupe. Kisha akasema bila ya kuniangalia:

"Rahisi kwa nani, mdogo wangu? Wewe ulikuwa ukila tu."

Dada amenizidi miaka minne. Yeye hakuondoka. Hapa ndipo nilipojua kwamba mimi na yeye tulilelewa katika nyumba mbili tofauti, ingawa kitanda kilikuwa kimoja.

Baba alikuwa hamali bandarini. Siku ya meli kulikuwa na pesa, siku isiyo na meli alikaa kibarazani akitengeneza viatu vyake ambavyo havikuwa vimeharibika. Mwaka 1948, mimi nina miaka miwili, mahamali waligoma kwa sababu ujira ulikuwa haufuatani na gharama za maisha. Mgomo ulianza Agosti, ukaenea mji mzima. Dada alikuwa na miaka sita. Anakumbuka mjomba akija usiku kwa baiskeli kutoka Mwera, kapu la muhogo nyuma, na mama akiuchemsha kwa chumvi asubuhi, mchana na usiku. "Kama vitu vilikuwa rahisi," akasema, "baba yako aligoma kwa kuchoka kukaa?"

Muhogo wenyewe haukuwa mgeni. Wakati wa vita, Wajapani walipoichukua Burma 1942, mchele wetu uliokuwa ukitoka huko ukakatika, ukawa wa mgao. Vita vilipokwisha watu walidhani sahani itarudi kama zamani. Ilichukua muda. Mama mpaka anakufa hakupata kuutupa ukoko; akiukwangua chunguni na kuugawa kama nyama.

Na mama alikuwa na biashara, jambo ambalo mimi nililiona kama mchezo. Vitumbua. Usiku huroweka mchele, alfajiri hutwanga, tui, hamira, iliki punje mbili zisizoonekana. Mimi kazi yangu ilikuwa kubeba ungo mpaka pembeni mwa njia na kurudi na senti zimetungwa uzi. Nilichokuwa sijui ni kwamba mchele ule umekopwa. Mwenye duka alikuwa na daftari refu jembamba, akiandika kwa Kigujarati, na mtaa mzima hakuna aliyejua kukisoma. Ukiuliza deni langu kiasi gani, anatia kidole, anasoma. Utabisha kwa herufi gani? Sukari ilinunuliwa ndani ya kipande cha gazeti kilichokunjwa kama pembe, robo ratili. Mafuta ya taa kwa kichupa. Bizari, senti tano. Nikamuuliza dada kwa nini mama asinunue ratili nzima akapunguziwa. Akanitazama kama nimetoka Ulaya leo.

Ikifika katikati ya mwaka, bangili ya mama ilikuwa inaondoka. Mimi nilidhani anaivua akipika. Kumbe imo rehani. Ilikombolewa msimu wa karafuu, wakati mji mzima ulipohamia mashamba, sisi pamoja nao. Mchumaji alilipwa kwa pishi. Mchana unapanda miti, jioni mnakaa duara taa katikati mnachambua, karafuu huku, vikonyo huku, mpaka ncha za vidole zinakufa ganzi na harufu unakwenda nayo shuleni mwezi mzima. Mwaka wa mavuno, wanawake walivaa kanga mpya doti kwa doti na duka la rehani likabaki tupu. Kisha Indonesia, iliyokuwa ikizinunua kwa kutia ndani ya sigara zake, ikaanza kupanda za kwake, na kufika mwisho wa miaka ya hamsini bei ikalegea. Mwaka mmoja, dada anasema, bangili ilikwenda haikurudi. Mimi ningeapa kwamba mama alizikwa nayo.

Sasa msidhani dada yangu ni mtu wa kununa. Nilipotaja senema aliliacha tui likachuja lenyewe.

Kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao. Mama aliifunga thumni kwenye pindo la kanga, fundo juu ya fundo ili isije ikafunguka kwa bahati mbaya siku ya njaa, akavaa buibui, akamchukua dada mkono. Ndani, mabuibui yanashushwa mabegani, karanga zinatafunwa, watoto wachanga wanalia, na Raj Kapoor anapopata mashaka ukumbi mzima unamlilia. *Awara* waliitazama mara tatu. Mama hakujua hata neno moja la Kihindi ila bei ya vitu, lakini nyimbo alizirejea nyumbani zote, kwa maneno aliyoyatunga mwenyewe, mwiko mkononi. Pesa ya tiketi ilitoka wapi, na deni liko pale dukani? "Ilitoka palepale," dada akasema. "Vitumbua vilikuwa vidogo kidogo kwa wiki mbili. Wateja hawakujua."

Picha moja ilikuwa ikionyeshwa senema mbili usiku mmoja, mikanda ikipishana. Kaka yetu mkubwa, Mungu amrehemu, alikuwa akiibeba kwa baiskeli. Huku wanamaliza mkanda wa kwanza, yeye anaupakia, anakata vichochoro vya Mji Mkongwe anapiga kengele, watu wanajibanza ukutani, anaufikisha huku, anarudi kungoja wa pili. Usiku mmoja gurudumu lilipasuka. Akakimbia kwa miguu, makopo ya mikanda kichwani. Kufika, ukumbi wote ulikuwa unapiga miluzi na kugonga viti, shujaa wa picha ameachwa ananing'inia kwenye jabali kwa dakika kumi na kitu. Alipigiwa makofi kuliko shujaa mwenyewe. Ujira wa safari ile alikatwa.

Senema ya Majestic ilipojengwa upya na kufunguliwa 1955, baada ya ile ya mwanzo kuungua, mimi nina miaka tisa, tulikwenda Vuga kuitazama kwa nje tu, Ijumaa mbili mfululizo. Nimepita hapo tena juzi. Nilisimama upande wa pili wa barabara, palepale. Kijana mmoja akanidhania mtalii, akaniambia kwa Kiingereza anaweza kunionyesha mji. Nikamjibu, "Mwanangu, mimi ndio mji." Akaniomba radhi, tena kwa adabu sana, mpaka nikaona haya.

Redio hatukuwa nayo. Jirani alikuwa nayo, na betri lake kubwa kama tofali. Siti binti Saad alifariki 1950, na dada anasema mama alilia kama kafiwa na mama yake, ingawa walionana kwa mbali tu, kwenye harusi. Baadaye, kuanzia 1954, Kairo wakaanza kutangaza kwa Kiswahili, na wanaume wakajazana dirishani kwa jirani wakisikiliza wakoloni wakitukanwa kwa lafudhi ya kwetu wenyewe. Kahawa iliuzika sana saa hizo. Ile ya senti tano.

Baba hanywi, dada akanikumbusha. Alikuwa akisema kahawa inamkosesha usingizi. Nikakaa kimya. Ni kweli, sijapata kumwona na kikombe. Na mtu huyo alikuwa akilala saa tatu usiku hata palikuwa na ngoma mlangoni.

Tangu siku ile nikikaa barazani nazungumza kidogo. Wenzangu wamedhani nina homa.

Ama hilo bomba: linavuja kweli, tangu nije, tone kwa tone usiku kucha. Jana fundi alikuja. Mjukuu akamkimbilia na senti kumi yangu kiganjani, kwa uso wa mtu anayetoa msaada mkubwa. Fundi, kijana mtaratibu, akaipima kwenye bomba, akaigeuza, akaipima tena. Kubwa mno. Akafungua mfuko wake akatoa washa ya mpira, akaifunga, akadai elfu kumi. Nikafungua mdomo kusema kitu kuhusu elfu kumi.

Dada alikuwa mlangoni. Akaninyooshea kidole.

"Lipa," akasema.