Kichwa cha Damu ya Mzee

Kazi yangu ni maketi. Wasanifu majengo na wenye viwanja wananiletea michoro, mimi nawakatia ghorofa zao kwa kadibodi na pleksi, zinawekwa mapokezi ili mteja aione fleti yake kabla hata msingi haujachimbwa. Sheria kuu ya kazi hii ni usafi. Ukiacha alama ya kidole kwenye pleksi, kazi inarudishwa. Miti yote kimo kimoja, barabara haina shimo, balkoni haina hata kanga moja iliyoanikwa. Dar ya kwenye maketi haijawahi kunyeshewa mvua.

Mwaka 2014 mzee mmoja wa mtaa wa Gerezani akaniita nikamtengenezee kipande cha reli. Alikuwa mstaafu. Aliingia kazini enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, akaanza kama mchochea moto, akapanda hadi udereva, na shirika lilipovunjika pamoja na jumuiya yake mwaka 1977 akaendelea na Shirika la Reli Tanzania mpaka alipopewa mkono wa kwaheri. Mwanawe anayeishi Ujerumani alikuwa amemletea treni ndogo ya umeme: kichwa cha mvuke cheusi chenye magurudumu mekundu, mabehewa machache ya mizigo, reli na swichi ya kuhamishia njia. Ilikaa kabatini pembeni ya televisheni, juu ya kitambaa cha kufuma.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, binti. Iangalie hiyo. Imekaa kama imetoka saluni. Mimi nataka ionekane inafanya kazi.”

Nilianza na vipimo, maana huko ndiko ninakojiamini. Reli ile ya mchezo ina upana wa milimita 16.5. Reli ya Kati, hii ya zamani iendayo Kigoma, ina upana wa milimita 1,000. Ukigawanya unapata kama 60, kwa hiyo nikaamua kila kitu kiwe 1 kwa 60: mtu mzima sentimita tatu kasoro, mnazi wa mita 15 sentimita 25. Tatizo likawa kichwa chenyewe. Kilichongwa kwa skeli ya 1 kwa 87, na kwenye mandhari yangu kingeonekana kimedumaa. Nilimweleza mzee nikitegemea atasononeka. Akacheka. “Basi hicho ni cha kushunti, cha kupanga mabehewa. Vichwa vya kushunti vilikuwa vidogo. Tupeleke bandarini.”

Hivyo stesheni ya Pugu niliyokuwa nimeanza kuichora ikafa palepale, tukajenga yadi: ghala moja, tangi la maji juu ya miguu ya chuma, minazi mitatu, na njia mbili za kupangia mabehewa. Ubao wa chini ulikuwa mlango wa flashi niliopata kwa bei ya kutupa kwa mafundi wa Keko. Urefu wa mlango ni mita mbili, kwa hiyo mzee alipata yadi ya mita 120. Aliridhika nayo kuliko wateja wangu wengi wanavyoridhika na ekari zao.

Kokoto nilizichekecha kwa chujio la chai, nikazimwaga kati ya reli, nikazidondoshea kwa bomba la sindano gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Ndani yake weka tone la sabuni ya vyombo, la sivyo gundi inajikusanya juu kama matone na kokoto zinaelea. Mataruma ya plastiki, yale yanayolaliwa na reli, yalichongwa yafanane na mbao, lakini Reli ya Kati ina mataruma ya chuma. Mbao kwa mchwa wa nchi hii ni chakula. Nikayapaka rangi ya kutu na kuyafukia nusu. Ubavu wa reli nao kahawia, juu nikapafuta paking’ae, maana hapo ndipo magurudumu yanapopita na ndipo umeme wa treni unapopita vilevile.

Bati za ghala nilizitoa kwenye makopo ya soda. Unapanga vijiti vya meno sambamba kwenye ubao, unalaza kipande cha kopo, unakisugua kwa kifuniko cha kalamu mpaka migongo itokee. Kutu nikaipika mwenyewe: stiliwaya ya kusugulia masufuria, siki na chumvi, acha kwenye kopo, halafu anika. Unabaki na unga wa rangi ya chungwa ambao hakuna duka la rangi Kariakoo linaweza kukuuzia. Nikaupaka paa zima, nikaona nimeua.

Mzee hakusema kitu. Alinishika mkono, akanitoa uani, akanionyesha paa la jirani. Tulisimama pale juani kitambo. Kutu ilianzia kwenye misumari na pale bati moja linapolalia jingine, ikateremka na njia ya maji ya mvua, nyembamba juu, pana chini. Katikati ya bati palikuwa pamepauka tu. Ukingo wa chini, upande upepo wa bahari unakotokea, ulikuwa umeliwa kama biskuti. “Kila uchafu una mahali unapotoka,” akasema, halafu akarudi ndani kuangalia mpira.

Nikafuta paa lote, nikaanza upya na brashi namba sifuri, msumari kwa msumari.

Kichwa cha treni ndicho kilichotugombanisha. Mjukuu wake wa darasa la tano aliposikia tunataka kukipaka rangi alikwenda kumpigia baba yake mdogo Ujerumani. Mimi mwenyewe nilisita, kile kitu ni ghali. Mzee akang’oa makaa ya mawe ya plastiki kwa kisu cha mezani. “Vichwa vyetu vilikuwa vinachoma mafuta mazito. Haya makaa ni ya kwao.” Nyeusi akaitaka iwe damu ya mzee, rangi ya vichwa vya Afrika Mashariki, na magurudumu mekundu yawe meusi. Nikapulizia.

Kisha nikataka kutia kutu ubavuni. Akanizuia. Pale, akasema, palifutwa kwa tambara lenye mafuta. Kichwa kilicho kazini hakipati kutu hapo. Akaniambia niipeleke rangi ya kahawia chini, kwenye magurudumu na fremu, maana breki za chuma zikisugua gurudumu zinatoa unga, na unga huo unaganda kwenye grisi. Kwenye vyuma vinavyosukuma magurudumu nikapaka nyeusi yenye kung’aa. Chini ya valvu, pale maji ya boila yanapovuja na kukauka, akataka michirizi myeupe. Rangi nyeupe ya duka ilikaa kama chokaa ya ukutani. Nikakumbuka nina udongo mweupe wa Pugu, ule wa ufinyanzi. Nikausaga, nikauburuta kwa brashi yenye unyevu kuelekea chini, ukakubali.

Masizi niliyatia kidogo juu ya dohani. Akataka zaidi. Mafuta mazito, alinieleza, yanaziba mabomba ya boila kwa masizi, kwa hiyo mchochea moto alikuwa anatupia mchanga kidogo ndani ya tanuru, moto unaufyonza, unasugua mabomba, na dohani inatapika wingu jeusi. “Tukifanya hivyo karibu na nyumba za watu, wenye nguo kambani wanatutukana mpaka Pugu.” Baada ya hapo nilimwaga masizi ya chungu cha jikoni bila huruma, mengine nikayapeleka mpaka paa la ghala.

Kinyesi cha kunguru kwenye tangi la maji ni wazo langu. Sitaki mtu yeyote adai lake. Yadi ya Dar isiyo na kunguru ni uongo.

Jioni ya majaribio kichwa kiligoma kwa sababu rangi ilikuwa imeingia kwenye nyuso za magurudumu. Tulizisugua kwa spiriti na pamba mpaka kikashtuka. Mzee akavaa miwani, akashika kitufe cha mwendo. Hakukizungusha hovyo kama wafanyavyo watoto. Alikifungua taratibu, akasubiri mabehewa yavutane moja baada ya jingine, ndipo akaongeza. Mjukuu, ambaye sasa alikuwa amesahau mashtaka yake, alipewa swichi.

Behewa la mwisho lilipita njia isiyo yake, likafika ukingoni mwa mlango, likaanguka sakafuni.

Mzee akafunga mwendo, akaomba karatasi na kalamu. “Nani alikuwa zamu kwenye swichi?” Mjukuu akaninyooshea kidole. Ushahidi ukachukuliwa kwangu, kwa bibi aliyekuwa jikoni na hajaona chochote, na kwa mtuhumiwa mwenyewe. Hukumu ilisomwa kwa sauti kabla ya chakula cha usiku: mtumishi amesimamishwa kazi mpaka alete barua ya maelezo, yenye tarehe na sahihi.