Naona Watu Kama Miti
Tafakari ya juma: Marko 8:22–26

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Juma hili tusome habari ya kipofu wa Bethsaida. Ni Marko peke yake aliyeiandika, na katika Injili zote hakuna mgonjwa mwingine ambaye Yesu alimwekea mikono, akamwuliza hali yake, kisha akamwekea mikono tena. Baada ya mara ya kwanza Bwana anamwuliza, "Waona kitu?" Naye anajibu, "Naona watu kama miti, inakwenda."

Hebu tulitazame jibu hilo. Waliomleta wamemsihi Yesu amguse, na bila shaka wanasubiri habari njema. Ingekuwa kwenye maombezi yetu, angepewa kipaza sauti, angesema "Nimepona!" na sisi tungepiga vigelegele. Yeye alisema alichokiona: nuru ipo, lakini watu bado ni miti. Yesu hakumkemea kwa imani haba. Aliweka mikono tena.

Nimeichagua habari hii kwa ajili ya wenzetu wanaotumia dawa za magonjwa ya akili, hasa walio katika kipindi cha kubadilishiwa dawa au kupandishiwa na kushushiwa dozi. Aliyezoea dawa za malaria, unameza siku 3 umemaliza, hawezi kukielewa kipindi hicho kwa urahisi. Dawa ya sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, huchukua majuma 2 hadi 6 hivi kabla moyo haujaanza kuinuka, na maudhi yake hutangulia: kichefuchefu, kinywa kukauka, usingizi kukimbia au kuzidi. Kwa hiyo juma la kwanza mtu anaweza kujisikia vibaya kuliko alivyokuwa kabla hajaanza. Wengine dozi ya mwanzo haiwatoshi, wanaongezewa. Wengine dawa yenyewe inawakataa, wanapewa nyingine, na safari inaanza upya. Dada alikuwa amerudi kazini, amerudi kwaya, mara yuko kitandani tena mchana kutwa, kajifunika gubigubi.

Hapo ndipo maneno yanapoanza. "Si tulimwombea huyu?" "Hizo dawa ndizo zinazomharibu." Mgonjwa naye akishayasikia, anajizoesha kujibu "sijambo, namshukuru Mungu", hata mbele ya daktari. Na daktari aliyeambiwa sijambo anaandika dozi ileile.

Niliwahi kumwona kijana aliyeletwa kwenye maombi shingo imepinda upande mmoja, taya limekaza, macho yamepanda juu. Watu walikemea pepo mpaka jasho likawatiririka. Mama mmoja muuguzi, aliyekuwa amekaa nyuma, akasogea na kuuliza, "Anatumia dawa gani?" Kumbe siku chache kabla alikuwa ameongezewa haloperidoli, mojawapo ya dawa za magonjwa ya akili. Akakimbizwa hospitali, akachomwa sindano, na jioni ileile shingo ilikuwa imenyooka. Hayo ni madhara yanayojulikana ya dawa hiyo, na yana tiba yake. Swali la yule mama naliona ni la ukoo mmoja na lile la Bethsaida.

Kuna ndugu wanaodhani madhabahu na hospitali ya akili haviwezi kukaa pamoja. Hao nawashauri wapande Lutindi, kwenye milima ya Usambara, mkoani Tanga. Wamisionari wa Kilutheri walianza kuwatunza wagonjwa wa akili pale mwanzoni mwa karne ya 20, mahali palipokuwa kwanza makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Hospitali ipo mpaka leo, na sala zipo.

Sasa wewe uliye katikati ya mabadiliko ya dozi. Chukua kadaftari, andika kila jioni mambo machache: umelala saa ngapi, umekula nini, mikono inatetemeka au la, umelia, umecheka. Siku ya kliniki soma kama ilivyo, usipambe. Ukitaka, msomee Mungu pia. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, na bado imo katika Biblia. Usiache dawa ghafla kwa sababu umeombewa ukajisikia vizuri, wala kwa sababu umechukia maudhi yake. Zungumza kwanza na aliyekuandikia. Yakikujia mawazo ya kujiua, hapo usingoje tarehe iliyo kwenye kadi. Mwite mtu akusindikize, uende siku hiyohiyo.

Na ninyi wapenda mifungo, sikilizeni. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hali ya moyo inayopanda na kushuka, asifunge bila maji kabla ya kuongea na daktari wake. Mwili ukikauka, dawa hiyo hupanda katika damu mpaka ikawa sumu, na mtu huanza kutetemeka sana, kutapika, kuharisha, kuyumba kama mlevi. Afunge umbea, au afunge simu. (Wengine wetu hiyo ya simu ingetushinda kuliko njaa.)

Jambo la mwisho katika habari hii huwa tunalipita haraka. Kabla ya yote Yesu alimshika mkono yule kipofu akamtoa nje ya kijiji, na alipomaliza alimpeleka nyumbani kwake akisema, "Hata kijijini usiingie." Hakumgeuza kuwa tangazo. Kwa hiyo kwenye maombi ya Jumatano hii, anayetaka kuombewa anyoshe mkono tu, inatosha. Hakuna atakayeulizwa anaumwa nini wala anameza nini, na majina yasipelekwe kwenye kundi la WhatsApp. Wapo wawili wenye kliniki Alhamisi ambao hawapendi kwenda peke yao. Mwenye nafasi ya kuwasindikiza, au nauli ya kuchangia, amwone mama mzee wa kanisa baada ya ibada.