Tranka la mama la bweni sasa ni benchi la sebuleni

Tranka la mama limekaa stoo miaka na miaka, juu magunia ya mkaa, chini kutu inakula taratibu. Ni lile la bati alilosafiri nalo kwenye treni toka Dar kwenda kusoma bweni Tabora miaka ya 70. Mdogo wangu alitaka liende skrepa, nikamwambia hapana, niachieni mimi.

Fundi wa kwanza nliyempelekea alishika grainda papo hapo, anataka alikwangue lote libaki bati jeupe afu apulize rangi ya dhahabu. Nikalibeba nikarudi nalo. Jamani tranka la zamani usiliingilie na grainda, kwanza rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, ni sumu, na lile vumbi unalivuta wewe na watoto, pili hujui chini ya rangi kuna nini. Mi nlitumia msasa wa maji namba 400, nalowesha, nasugua polepole, nafuta na kitambaa, barakoa mdomoni, kazi ya jioni nne.

Jioni ya pili nipo kwenye kifuniko, rangi ya kijani inatoka, naona weupe. Nikasugua kidogo tena ikatoka herufi, afu nyingine, mpaka jina la mama likasomeka lote na namba 87 pembeni, herufi zimepinda kidogo kuelekea chini. Nikamwita. Akainama, akapitisha kidole juu ya kila herufi, akasema, "Hii aliandika mjomba wako, kwa njiti ya kiberiti, brashi hatukuwa nayo." Kumbe ile kijani ilipakwa baadae mama mdogo alipolirithi kwenda nalo shule. Pale pale nikaamua kifuniko hakipakwi rangi, kinapigwa vanishi isiyo na rangi basi.

Chini palikuwa pameoza, tukakata tukapachika bati jipya kwa ribiti, kutu iliyobaki nikaitoa kwa brashi ya waya, nikapaka redioksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, mikono miwili halafu rangi yenyewe. Mabonyeo nliyagonga kwa nyundo ya mpira toka ndani, nje nimeegemeza kwenye mfuko wa mchanga ili bati lisichanike.

Sasa ukitaka watu wakalie, bati peke yake litabonyea tu, kwa hiyo ndani ya kifuniko nliweka plaiwudi ya milimita 18 na kuifunga kwa bolti. Miguu usiipige skrubu kwenye bati, haishiki, mi nlichongesha fremu ya mninga tranka likakaa juu yake, sentimita 10 toka sakafuni, unyevu usilifikie tena. Na kama una watoto nakuomba sana, toboa matundu ya hewa nyuma, ng'oa tumbuu ya kufuli, weka mkono wa kuzuia kifuniko kisijibamize, mtoto akijificha humo kikajifunga ni balaa.

Harufu ya stoo ilitoka kwa jua la siku tatu na chetezo cha udi ndani. Saivi tunaweka mablanketi na mashuka ya wageni.

Mto wa sponji wa juu nliushonesha mfupi makusudi, unaishia pale herufi zinapoanza.